Siku Baba Alipochoma Nyama ya Punda Milia

Enzi zetu kule Kapata, mtaa wa watu wa migodi, mtoto hakuchagua chakula. Kampuni ya migodi ilikuwa imeanguka, akina baba wakishinda barazani na mabuti ya kazi isiyokuwepo, na sisi tulikula bukari, ugali wetu, kwa sombe ya majani ya muhogo isiyo na mafuta mpaka tukalamba sufuria. Wanangu leo wanasusa kuku, eti amekauka.

Baba yangu alikuwa mlinzi wa wanyama katika hifadhi ya Upemba. Siku moja alirudi kwa treni akatukuta tumezunguka kapu la nyama kavu, zawadi ya mjomba, kaka yake mama, kutoka Lubudi. Baba akageuza kipande, akaona ngozi yenye mistari, akakaa chini kama mtu aliyefiwa.

"Hii ni punda milia ya parke," akasema. "Mi siwezi kula kitu yenye niko nachunga."

Sheria ya kazi yao ilikuwa hivi: nyama ya wizi inaandikiwa karatasi, kisha inachomwa mbele ya mashahidi wawili. Baba akatoa kalamu, akaandika. Aliyeua: shemeji yangu. Aliyekutwa nayo: mke wangu. Mama akaombwa kutia sahihi.

"Na batoto batakula hiyo karatasi?" mama akauliza. Baba akawasha moto uani.

Shahidi wa kwanza alikuwa mzee tuliyemwita tata Kabeya, jirani yetu karani, ambaye kwanza alisahihisha Kifaransa cha baba kwenye ile karatasi. Shahidi wa pili ikawa Kapata nzima, maana moshi ulinukia hadi watu wakaja na sahani. Tulilia sana. Nasema kweli, siku ile nilimchukia baba.

Tata Kabeya alikuwa mtu wa Kasai, mkoa wa jirani, na miaka ile watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa kwetu kama wageni. Kesho yake alitakiwa kupanda treni na watoto wake, bila chakula cha njiani. Majivu yalipopoa, baba akabeba gunia letu la unga, lote, akalitua mlangoni kwake.

"Tata, hii haina mistari," akasema. Wakacheka, kisha wakalia. Sisi tulikula sombe tupu siku tatu.

Mwaka jana niliwapeleka wanangu Upemba. Vijana wa siku hizi wanapiga picha nyuso zao, mnyama akae nyuma. Punda milia wachache wakatokea majanini, wanene, hawana habari na mtu. Kitinda mimba wangu akauliza kama babu alipata kuwaonja. Nikamwambia hapana, na sisi alitunyima. Akawatazama tena, safari hii simu ikiwa mfukoni.