Frank Siyo Ukoo Wetu

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Bagula alikata kipande cha plasta nyeupe, akakibandika juu ya beji yake ya ghalani, akaandika kwa kalamu ya wino mzito: BAGULA. Kufika saa nne, msimamizi alikuwa ameshamwamuru akibandue, kwani kanuni zinataka jina lililochapwa lionekane. Chini ya plasta palikuwa na neno moja tu, FRANK. Bagula aliibandua plasta, akaifinyanga kama kidonge, akaitia mfukoni. Suruali zake zote za kazi zilikuwa na vidonge hivyo, na binti yake mdogo Gracieuse, aliyefua nguo za nyumba yao ya kupanga huko Linden, Columbus, alikuwa amezoea kuvichokoa kimoja kimoja.

Frank halikuwa jina la ukoo. Kwao Walungu, Kivu ya Kusini, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Unakuta ndugu saba wa tumbo moja na majina saba, na hakuna aliyewahi kupotea kwa sababu hiyo. Aliyeitwa Frank alikuwa baba yake Bagula, kwa ubatizo, jina la kupewa na padri. Walipokimbilia Burundi, karani wa kambi akauliza jina la familia. Mzee akadhani anaulizwa jina la mwenye familia. Akajinyoosha, akajibu kwa sauti, "Frank!" Karani akamwandika Frank kila aliyesimama nyuma ya mzee. Miaka ikapita, mzee akafia kambini, na wao wakaletwa Amerika, Frank wote.

Hayo Bagula angeweza kuyameza kama si Harlan. Ghala lao lilikuwa upande wa Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, na Harlan Frank alikuwa mzee wa Kizungu aliyeendesha foklifti humo. Siku alipoiona beji ya Bagula alishuka kwenye mashine, akamkumbatia, akamwita binamu. Tangu hapo hakukuwa na amani. Harlan alikuwa akichimba asili ya ukoo wake, na kila wiki alileta karatasi mpya: ramani, mishale myekundu, wafalme wa Wafranki wenye nywele ndefu.

"Sisi akina Frank tulivuka mto Raini, binamu," alisema wakati wa mapumziko, mkate mdomoni. "Tukawatoa Warumi jasho!"

"Mimi nilivuka mto Ruzizi," Bagula alimjibu kwa Kiingereza chake cha kukatakata. "Sikumtoa mtu jasho. Nilitoka jasho mimi."

Harlan alicheka mpaka akakohoa. Wiki iliyofuata alimletea fulana ya mkutano wa ukoo wa Frank, kubwa ya kuwatosha watu wawili, na akamwambia asikose kuja na wali.

Bagula aliitupa fulana hiyo mezani mbele ya Gracieuse, aliyekuwa akisoma historia chuoni. "Hawa Wafranki ndio nani?"

"Ni watu wa jamii ya Kijerumani, papa, wa zamani sana. Walikaa kando ya Raini. Warumi walipodhoofika, wakaichukua nchi ya ng'ambo. Mfalme wao akabatizwa, na askari wake wengi pamoja naye. Ufaransa imepata jina kwao. Hata faranga."

"Hata faranga?"

"Hata faranga."

"Donc, kumbe walikuwa mpaka ndani ya mufuko yangu!" Bagula akasonya. "Na huyu muzee wa foklifti ni mujukuu wao?"

"Hajui hata yeye. Wanaoitwa Frank ni wengi na si ndugu, hata wao kwa wao. Mwingine babu zake walitoka upande ule, mwingine babu yake alibatizwa tu hivyo."

"Kama sisi."

"Kama sisi, papa."

Jibu hilo halikumpoza, lilimwongezea hasira. Kumbe hata Frank wa Harlan huenda hakuwa Frank!

Ndiyo maana fomu ya uraia ilipomfikia, macho yake yaliruka kurasa zote, yakatua kwenye swali moja: je, ungependa kubadilisha jina? Mama aliyemsaidia kuijaza alimweleza kwamba akila kiapo mbele ya jaji anaweza kutoka mle akiwa na jina jipya, mradi fomu irudi ifikapo Ijumaa. Bagula alirudi nyumbani akipiga miluzi. Kisha akafanya kosa la kuwaambia watu wake.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Patricia, binti yake mkubwa, kutoka Highview, Louisville.

"Papa, donc unatuacha? Mimi niko Frank, watoto yangu wameandikwa Frank. Ukikuja kutusalimia, uende kuwachukua kwa masomo, walimu wataniuliza huyu muzee ni nani."

"Waambie ni babu yao!"

"Huku hawaamini kinywa, papa. Wanaamini karatasi."

Bagula akaikata simu, akampigia mdogo wake Cubaka huko Buffalo, akiwa na hakika kwamba huyo angemuunga mkono. Cubaka hakuwa Frank. Siku ya kuandikishwa alikuwa amelazwa na malaria. Akaandikwa baadaye, peke yake, kwa jina la kuzaliwa na la ubatizo: Cubaka Polycarpe.

"Ninafuta Frank," Bagula alimwambia.

"Unafuta nani?"

"Jina, wewe! Frank."

Cubaka akafoka. "Bon. Kaka, uko na wazimu. Karatasi yangu iko na majina mbili, zote zangu. Nikisema kwa ofisi kama wewe ni ndugu yangu, wananiangalia sawa mwizi. Wewe ulipewa papa. Mimi sikupewa."

"Nilipewa kosa ya karani!"

"Kosa, ndiyo. Kaburi yake ilibakia kambini, na musalaba ulikuwa wa miti, umeshaoza. Leo jina yake iko wapi, kama haiko kwa karatasi yako?"

"Donc mimi nibebe papa kwa kadi ya benki?"

"Umubebe! Si wewe mukubwa?"

Bagula alimkatia na yeye. Baada ya dakika kumi Cubaka akapiga tena, akamuuliza kwa ukali kama amekula.

Ijumaa, kabla ya kuipeleka fomu, Bagula aliketi mezani jikoni. Aliisoma mara mbili, akaisukuma, akaivuta tena. Mwishowe akatia alama kwenye hapana, kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi.

"Wamenishinda," alisema. "Karani, Harlan, dada yako, Cubaka. Wote. Na Wafranki wao."

Gracieuse alizaliwa babu yake akiwa ameshazikwa. Wiki nzima alikuwa amesikiliza ugomvi huu bila kuuliza kitu. Sasa alifunga kitabu chake.

"Papa, babu alikuwa mtu wa namna gani?"

Bagula alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda nyumbani kwake mwenyewe.

"Alikuwa anachoma matofali," alisema. "Alikuwa mukali, lakini hakutupiga hata siku moja."