Mpira wa Kioo cha Peugeot ya Shangazi Mokami

Shangazi yangu Mokami hapendi kuulizwa hali. Ukimwamkia shikamoo anaitikia vizuri, lakini ukiendelea na habari za afya anakukata: "Kwani wewe daktari?" Mimi Lilian, mtoto wa kaka yake, nimerithi mdomo huohuo, kwa hiyo watu nitakaowasema humu wasinilaumu. Wanastahili.

Alipokuwa msichana hapa Gorong'a, babu alimwoza kwa mwanamume wa Mbalibali, kule Serengeti. Ng'ombe wa mahari wakaja. Kwetu Wakurya ng'ombe wa mahari ya dada ndio kaka anaowatumia kuoa, na kaka aliyekuwa akiwasubiri kwa hamu ni baba yangu, Heche. Babu akawapeleka wote mnadani, akarudi na Peugeot 404 nyeupe. Baba alikaa bila mke mpaka wenzake wakawa na watoto wanaochunga. Lile gari hajalisamehe hadi leo, na dada yake pia hajamsamehe, utadhani ni yeye aliyelinunua.

Huyo mume alikuwa mtu wa fimbo. Shangazi alivumilia miaka, kisha akarudi kwetu na kovu juu ya jicho. Lakini ili ndoa ife lazima ng'ombe warudi, na ng'ombe walikuwa wamegeuka gari, na gari lilikuwa limekufa uani, kuku wanatagia kwenye viti. Basi akaishi nyumbani kwa baba yake akiwa bado mke wa watu. Mume alipofariki hakuna kilichobadilika. Mwanamke ambaye mahari yake haijarudishwa akifa, wenye ng'ombe wanakuja kuchukua mwili wao, wanauzika kwao. Mimi nimeshawaona wakija kwa jirani, na hawakuja kuomba.

Mwaka jana shangazi aliugua kifua. Mniko, mdogo wa marehemu mumewe, akatokea na wazee wawili, ati wanakuja kumjulia hali. Hakukaa hata kwenye kigoda. Alisimama mlangoni akasema, "Shemeji, usiwe na wasiwasi. Mahali pako tumeshapaweka, kando ya kaburi la kaka."

Shangazi, ambaye asubuhi hiyo hakuweza kuinua kikombe, aliinuka akakaa. "Sitalala tena na yule mtu. Hata nikiwa mifupa."

"Basi rudisheni ng'ombe."

"Mimi sikula hata mkia," baba akadakia kutoka uani. "Aliyekula yuko kaburini, kamdai huko."

Shangazi akanyoosha kidole kupitia mlangoni. "Ng'ombe wenu ni wale pale. Nitawaletea."

Mniko akaligeukia gari. Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa mavi ya kuku. Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Lete! Lije lenyewe, lisivutwe, na nikikaa ndani mvua isinidondokee. Siku hiyo wewe si wetu tena."

Alisema kwa dharau tu, apate kumkera mgonjwa. Lakini shangazi aliwageukia wale wazee. "Mmemsikia?" Wakatazamana, wakakubali kwamba wamemsikia. Nilimwona Mniko akifunga mdomo, na nilifurahi, sifichi.

Fundi tuliyempata ni Masanja, Msukuma aliyekuja huku kutafuta dhahabu, akaambulia vumbi, akafungua gereji. Injini aliifufua kwa spea za kuokoteza. Kilichotushinda ni kioo. Kwenye gari lile kioo cha mbele hakigandishwi kwa gundi. Kinashikwa na mpira peke yake, mpira mnene wenye mifereji miwili: mmoja unauma kioo, mwingine unauma bati la bodi. Mpira wetu ulikuwa umekauka na kupasukapasuka. Masanja aliukata kwa kisu, akatoa kioo, akachomelea ukingo uliooza. Mpira wenyewe akautundika kwenye uzio wetu ili uwe sampuli, kwa sababu dukani huku hakuna anayekuuliza gari ni la mwaka gani. Wanakwambia lete ule wa zamani.

Kesho yake mpira haukuwapo kwenye uzio. Kila aliyeulizwa aliapa.

Mimi nafanya kazi kwa wakala wa forodha pale Sirari, nikasema nitautafuta bila sampuli. Nikavuka hadi Isebania, upande wa Kenya, nikaingia duka moja la spea. Kijana wa dukani hata hakuniacha nimalize. "Peugeot ya zamani? Iko, iko! Hiyo ni original, siste, wacha wasiwasi." Akanipa mpira mweusi unaong'aa. Masanja aliupachika huku anaguna. Alipowasha injini, gari likatetemeka, kioo kikachomoka taratibu kikaanza kuteleza juu ya boneti. Shangazi alikirukia akakipokea kwa kifua, na kifua chenyewe kibovu.

"Hiki kikivunjika," akasema akiwa amekikumbatia, "nizikeni leo leo."

Wala hakuwa anatania. Kioo kama kile hatungekipata tena popote. Nilitamani nimrudie yule kijana nimvishe mpira wake shingoni.

Jioni nikaenda kwenye banda la ndama kumtafuta baba nimweleze. Mlango wa banda ulikuwa umefungwa kwa vipande vya mpira mweusi, vimesokotwa vizuri kwenye nguzo. Niliinama nikaona mifereji miwili.

"Baba, huu mpira umeutoa wapi?"

"Kwenye uzio wangu."

"Ni sampuli ya shangazi!"

"Gari lilikula ng'ombe wangu wote. Mimi nimekula kipande cha gari. Kuna ubaya gani?"

Shangazi alikuwa nyuma yangu, na kisu cha jikoni mkononi. Alikata vipande vyote, mlango ukaanguka, ndama wakatoka mbio kuelekea kwenye mahindi. Baba akapiga kelele kwamba yeye ni mwanamke wa balaa tangu kuzaliwa, kwamba angevumilia kwa mumewe kama wanawake wengine yote haya yasingekuwapo.

"Nilivumilia," shangazi akasema. "Nilikuja mara ya kwanza, ukanishika mkono ukanirudisha mwenyewe. Kovu hili alinipa usiku ule uliponiacha pale."

Baba akaenda kuwafukuza ndama. Mimi nilimwonea aibu baba yangu siku ile, na bado namwonea.

Safari ya pili kuvuka mpaka shangazi alikwenda mwenyewe. Kwenye kitenge alifunga kipande cha ule mpira wa zamani na kipande cha bati, kwa kuwa Masanja alikumbuka amechomelea bati juu ya bati, na ukingo sasa ulikuwa mnene kuliko wa kiwandani. Tukafika kwa mama mmoja anayeuza mipira ya madirisha ya mabasi kwa mita, imeviringishwa mpaka darini. Shangazi akawa anachukua ncha ya kila mpira, anaitazama ilivyokatwa, anailinganisha na kipande chake, kisha anachomeka bati mferejini na kulivuta. Likitoka, anatupa ncha chini, anadai nyingine. Wateja wengine wakaanza kunung'unika.

"Mathe, unabuy ama unacheza?" yule mama akauliza.

"Nanunua kaburi," shangazi akajibu bila kuinua macho.

Yule mama akapanda kwenye stuli, akashusha mpira uliokuwa nyuma kabisa, wa aina ya basi la zamani. Bati likaingia kwa shida. Shangazi akalivuta kwa mikono miwili, halikutoka. Hapo ndipo nilipomwona anapumua.

Kupachika kioo kunataka watu wawili. Unazungusha mpira kwenye kioo, unalaza kamba ndani ya mfereji wa nje, unapaka sabuni, kisha wa ndani anavuta kamba polepole huku wa nje anasukuma kwa viganja. Masanja aliingia ndani. Mimi nilisukuma, kioo hakikusogea. Mikono mizito ikanipita begani ikanisukuma kando. Ilikuwa ya baba.

"Usifikiri nakusaidia," akamwambia dada yake. "Nataka hili balaa litoke uani kwangu."

"Sukuma, acha maneno," akajibiwa.

Baba alisukuma kwa hasira yake yote, Masanja akawa anamsihi, "Taratibu mzee, taratibu!" Mpira ukapanda juu ya bati pande zote, ukakaa.

Niliendesha mimi. Tulivuka Mto Mara kwenda Mbalibali, shangazi kando yangu akiwa amevaa gauni lake la kanisani, mkono wake kwenye pembe ya kioo njia nzima. Ilikuwa masika, lakini siku hiyo mbingu zilikauka kabisa. Mniko alitupokea akitabasamu. "Gari nimeliona. Mvua iko wapi?"

"Maji mnayo," shangazi akasema. "Choteni."

Wale wazee wawili waliitwa. Mniko akaingia, akafunga vioo vyote, vijana wake wakaanza kumwaga maji kwa ndoo juu ya paa na juu ya kioo. Mchana ule jua lilikuwa kali. Tulimwona ndani akipitisha vidole kwenye mpira, juu, chini, pembeni, akirudia. Halafu akafungua mlango kwa kishindo. "Tone! Limenidondokea hapa puani, tazameni!"

Shangazi alishika boneti.

Mmoja wa wale wazee alimsogelea Mniko, akamgusa pua kwa kidole, akakiweka kidole mdomoni. "Hii ni chumvi," akasema. "Ni jasho lako, mura."

Hata vijana wenye ndoo walicheka. Mniko alitema mate pembeni, akatazama kila upande kutafuta wa kumtetea, akakosa. Mzee akamwambia aseme, akasema: Mokami si wetu, ng'ombe wamerudi. Alisema kwa sauti ndogo, shangazi akamtaka arudie. Akarudia.

Gari tukaliacha pale. Mvua ilinyesha tulipokuwa tunatembea kwenda barabarani. Mke wa Mniko, maskini, alituita tujikinge kwake. Shangazi hakugeuka. Tulilowa mpaka ndani, baada ya miezi yote ile ya kuhangaika maji yasiingie, naye alikuwa akitembea mbele yangu kama anakwenda harusini.

Baba alikuwa amesimama uani tuliporudi. Gari lilipokuwapo palibaki ardhi tupu, nyekundu, isiyoota hata jani, ukubwa wa gari lenyewe. Baba alikuwa akipapima kwa hatua.

"Hapa najenga banda jipya la ndama," akasema.

Shangazi alipita mbele yake, maji yakimchuruzika, akasimama katikati ya ile ardhi. "Banda jenga kwingine. Hapa pangu. Hapa ndipo mtanizika."

Nilimsubiri baba apige kelele. Alimtazama dada yake usoni, pale kwenye kovu. Kisha akaenda kwenye uzio, akaokota jiwe, akaliweka kwenye pembe ya kwanza.

"Usilale njia ya ng'ombe wangu," akasema, akaenda kutafuta jiwe la pili.