Leso Machoni

Nyanchera wa Gesima hakuwahi kumwomba jirani hata chumvi. Lakini mwaka ule wa tisini na sita, mwanawe Abner alipolazwa hospitalini mjini, aliomba siku tatu mfululizo: "Mniogeshee mtoto."

Mwenyewe hangeweza. Kwao Wakisii mama haoni uchi wa mwana aliyekwisha tahiriwa; heri afe. Mke wa Abner alikuwa ametangulia kaburini, na ndugu wa kiume hakuwa naye. Nesi alikuwa mmoja kwa wodi nzima, akawaachia kazi hiyo wanafunzi wa udaktari.

Wakaja, makoti meupe pee, wakasimama mlangoni na kusoma faili kutoka huko huko.

"Ndiye yule wa ukimwi," mmoja akanong'ona. "Cleophas, ingia wewe, huyu ni wa kwenu."

"Kwetu ni Nyamache, si kaburini," Cleophas akajibu. Wakacheka.

Nyanchera alisikia. Abner naye alisikia, akageukia ukuta.

Siku ya nne harufu ikamshinda mama. Akafungua leso yake kiunoni, akajifunga machoni, fundo likakaa kisogoni. Akapapasa mpaka akapata beseni la maji na kitambaa cha kuogea.

"Mama, unafanya nini?" Ni Cleophas, mlangoni vilevile, na glovu amevaa mbili mbili.

"Naogesha mwanangu. Macho yangu yana mwiko. Yako hayana, basi niazime."

Kisha sauti ikaja: "Kushoto, mama. Shuka kidogo. Hapo pana kidonda, polepole."

Ndivyo Abner alivyooga, kwa mkono wa mama na macho ya daktari, na katikati hatua sita ambazo Cleophas hakuzivuka. Abner alilia bila sauti. Mama alijua, maana mbavu zilitikisika chini ya kitambaa.

Kesho yake alasiri Abner akafa. Onsongo, ami yake, alipokuja kuuchukua mwili aliukuta safi.

"Nani alimwosha?" akauliza, jicho kali.

Nyanchera akainua kidevu kumwelekea Cleophas. "Daktari huyu. Kwa mikono yake mwenyewe."

Onsongo akamshika kijana mikono yote miwili, akamshukuru kwa niaba ya ukoo mzima, wala hakumwachia upesi. Cleophas akafungua mdomo. Akamwona mama anamtazama bila kupepesa, akaufunga.

Nyanchera akajifunga leso kiunoni, akatangulia kutoka.