Likirimba ya Mijusi

Bibi yangu, muke wangu wa ndoa, alinikuta nyuma ya nyumba nikinyoa ndevu kwa kioo cha pikipiki, akaniambia:

“Papa, njoo utazame. Kuko mutoto musichana anavua samaki kwenye ukuta wetu.”

Ukuta wetu ni wa mawe ya volkano. Hapa Goma, upande huu wa kuendea Munigi, lava ilituachia mawe kuliko tulivyoomba, na kila mutu anayapanga moja juu ya lingine bila simenti, ndio uzio wa parseli yake, pale alipojenga. Mimi ukuta wangu niliupanga mwenyewe, wakati mugongo ulikuwa ungali unanitii. Umeinama kidogo kwa upande wa barabara. Bibi anasema umemufuata aliyeupanga. Basi.

Nikatoka na povu la sabuni kwenye shavu moja. Na kweli, musichana mwenye suruali na kofia alikuwa amesimama mbele ya mawe, ameshika fimbo ndefu yenye uzi kwenye ncha, na ule uzi umefungwa kitanzi. Hakupumua. Nami sikupumua, sijui kwa nini. Kitanzi kikashuka polepole, kikamuingia mujusi shingoni, na hop! mujusi yuko hewani anapiga mateke.

“Karibu, mutoto wangu,” nikasema. “Unapika ao unauza?”

Akacheka. Akaniambia yeye ni mwanafunzi wa iniversite, mambo ya wanyama, na wazazi wake wako Bukavu. Alikuwa anatafuta memwari yake, yaani ule muandiko munene ambao mwanafunzi anatoa mwisho wa masomo ili apewe diploma. Memwari ilikuwa juu ya mijusi wa kuta za lava: ni wa aina gani, wanakula nini, na zaidi ya yote, mujusi wa ukuta huu anafika wapi. Anazunguka muji, ao anazaliwa na kufa kwenye mawe yaleyale?

“Na ukishajua?” nikamuuliza.

“Nitakuwa ninajua, Papa.”

Jibu hilo lilinipendeza. Mimi masomo nilifika darasa la tatu. Mwalimu akahama upande mumoja, mimi nikahama upande mwingine, hatukuonana tena. Lakini kujua ili ujue, hilo ninalielewa. Nikamupa kiti changu, na kiti changu simupatii mutu.

Ni kwenye kiti hicho, chai mukononi, alimuambia bibi yangu mengine. Vita ilikuwa imemuharibia mwaka. Baba yake mudogo, yule anayemulipia masomo, alikuwa amesema mara hii ni ya mwisho. Memwari ikikataliwa, arudi Bukavu akae kwenye duka lake la misumari.

“Tazama kichwa hiki, mama,” akasema. “Ni kichwa cha kuuza misumari?”

Bibi akakitazama vizuri. Akasema hapana.

Basi kazi ikaanza. Kila mujusi aliyemukamata alimupima, halafu akatoa kwenye mufuko kichupa cha verni nyekundu, ile ya kucha za mabibi, akamutia tone mugongoni. Mumoja begani, mwingine kiunoni, mwingine karibu na mukia, ili akimuona tena amujue kwa mbali. Ukuta wangu tu ndio aliuchagua, kwa sababu una matundu mengi. Halafu kila asubuhi alipita avenyu nzima na darubini, akitafuta tone jekundu lililofika mbali.

Sitaficha: nilijisikia mukubwa. Jua likishapasha mawe, mijusi wangu walikuwa wanatoka mumoja mumoja na verni zao kama mabibi wanaoenda harusi, nami nimekaa pale nafukuza paka za jirani kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Sasa hapa lazima nieleze kitu, maana mutu asiyekaa Goma hataelewa. Sisi tumeandikwa sana. Volkano ikitoka, watu wa misaada wanakuja kutuandika. Watu wakikimbia vita, wanawaandika wao, halafu wanatuandika sisi tuliowapokea. Kolera, wanaandika. Na kila mara kunakuwa na alama: wino kwenye kidole, jetoni ya karatasi, chaki kwenye mulango. Mwenye alama anapata sabuni, maharagwe, na bashi, ile plastiki ya kufunika nyumba. Asiye na alama anapata maelezo.

Mimi kuna mara walipita na chaki nikiwa chooni. Ilikuwa sombe, majani ya muhogo, ya juzi yake, bibi alinikataza nikala. Nikasikia sauti zao kwenye mulango, nikaita, “Niko! Niko hapa!” Lakini mutu akiita kutoka chooni watu wanaona haya. Wakapita. Majirani wote wakapata bashi, mimi nikanyeshewa ndani ya nyumba yangu mpaka mama wa makala, yule muuza mukaa, alipotukatia kipande cha bashi yake. Tangu wakati ule, kwetu, ukiona rangi kwenye kitu cha jirani huulizi ni ya nini. Unauliza, na mimi?

Mama wa makala huyo anauza makala mwisho wa avenyu, na ana sauti inayofika kabla yake. Nilimusikia akiwa bado kwenye kona.

“Muzee! Ni kweli mijusi wako wameandikwa?”

“Wametiwa verni tu, mama. Ni mambo ya iniversite.”

“Mambo ya iniversite.” Akautazama ukuta wangu kama mutu anayetazama gunia la mwenzake. “Na sisi wengine hatuna mawe? Mijusi wetu ndio wamekosa nini?”

“Muulize mwanafunzi.”

“Nimuulize ili na yeye aniambie ‘mambo ya iniversite’? Muzee, tumekaa Goma pamoja. Hakuna mutu anapoteza verni nzuri juu ya mujusi bure.”

Nikaapa. Nilivyozidi kuapa ndivyo alivyozidi kuamini. Akaondoka akitikisa kichwa, na mimi nikarudi kwa paka zangu.

Wakati ukapita, na mwanafunzi akaanza kupoteza raha. Kila tone jekundu aliloliona lilikuwa palepale, kwenye ukuta wangu.

“Papa, mijusi wako ni wavivu,” akasema.

“Wanafuata mwenye ukuta,” bibi akajibu kutoka jikoni.

Halafu asubuhi moja nikamuona anakuja mbio, kofia mukononi.

“Papa! Nimemuona mujusi wako kwa mama wa makala!”

“Wangu?”

“Wako! Tone kwenye bega la kushoto! Amevuka barabara, amepita pikipiki zote za kwenye kona, amefika mwisho wa avenyu!”

Na huyo alikuwa wa kwanza tu. Baadaye mwingine akaonekana kwa mama wa saluni, mwingine kwa mama wa mandazi. Ungesema mijusi wamefungua ajansi ya usafiri. Mwanafunzi akamupigia simu profesa wake, na profesa akasema hajawahi kusikia mujusi wa aina ile akienda mbali namna hiyo, kwa hiyo atakuja mwenyewe kutazama. Mutoto akaruka. Akamukumbatia bibi yangu, akanikumbatia mimi, ningesema angemukumbatia hata mujusi.

Na mimi nikaenda mahali tunapokunywa chai, nikawasifu mijusi wangu. Siku ya kwanza nilisema wanavuka avenyu. Siku iliyofuata niliwafikisha Kibati, nje ya muji. Kabla ya profesa kuja nilikuwa nimewafikisha muji wa Kiwanja, mbali kule kaskazini, na njia ya Kiwanja mwenyewe unajua ilivyo siku hizi. Mimi niliyezaliwa kule sijaipita tangu vita irudi. Lakini mijusi wangu walipita, na hakuna aliyewaomba vitambulisho.

Siku moja kabla ya profesa, nilitoka kwenda chai, nikakumbuka kofia, nikarudi. Nikamukuta bibi yangu amepiga magoti mbele ya ukuta. Pembeni yake beseni iliyofunikwa kitenge. Mukononi fimbo, na kwenye fimbo uzi, na kwenye uzi kitanzi.

“Mama, unafanya nini?”

“Nyamaza, utamutisha.”

Kitanzi kikashuka. Hop! Mujusi akaingia kwenye beseni.

“Huyu ni wa mama wa mboga,” akasema, akifunga kitenge. “Leo ni zamu yake.”

“Zamu ya nini?”

“Ya likirimba, Papa. Uko nalala?”

Likirimba ni chama chao cha mamas wa avenyu. Kila mama anatoa, na mumoja anapokea, kesho mwingine, mpaka wote wamepata. Wanaifanya kwa franka, kwa sahani, kwa kitenge. Sasa walikuwa wanaifanya kwa mijusi wangu walioandikwa, ili siku musaada ukifika, kila nyumba ikutwe na wake.

“Na hukuniambia?”

“Nikuambie uende kusema kwenye chai?” Akasimama, akapangusa magoti. “Ulitaka sabuni iingie kwetu peke yetu, majirani watutazame? Wakati wa chaki, nani alitukatia bashi yake? Si mama wa makala? Basi yeye ndiye alipokea wa kwanza.”

Nikakaa. Si kwenye kiti, chini.

“Mama,” nikasema, “huyu mutoto anatafuta kujua mujusi anafika wapi kwa miguu yake mwenyewe.”

Bibi akautazama ukuta, akaitazama beseni, akakitazama tena kitenge.

“Kwa miguu yake?”

“Kwa miguu yake.”

“Yesu,” akasema. “Na duka la misumari.”

Mwanafunzi alipofika tulimuambia wote wawili, tukipokezana, na kila mumoja akimuachia mwenzake sehemu mbaya. Hakulia. Alikaa juu ya jiwe akauliza tu, “Wote?” Bibi akasema wote. Mutoto akafunga darubini ndani ya kifuko chake, polepole, kama mutu anayefunga muzigo wa Bukavu.

Bibi hakuvumilia. Akatoka kwenye barabara akaita mamas, na mamas wakaja, mama wa makala mbele.

“Muambie mwenyewe,” bibi akamuambia mwanafunzi. “Mimi hawatanisadiki.”

“Hakuna musaada, mama,” mutoto akasema.

“Hata sabuni?” mama wa makala akauliza.

“Hata sabuni.”

“Hata bashi ndogo?”

“Hakuna kitu. Verni ni ya kuwatambua tu, kwa memwari yangu. Kesho profesa anakuja kuona mijusi wanaosafiri, na hawakusafiri. Nitakataliwa. Nitarudi Bukavu.”

Mamas wale wote wamesomesha watoto, wanajua diploma inavyotafutwa. Mwisho mama wa makala akakohoa.

“Pole, mutoto wangu. Na mimi wangu hata sikumufaidi. Nimemupokea, siku chache hivi, akatoroka.”

“Na wangu,” mama wa saluni akasema. “Nilimutafuta hata ndani ya mashine ya kukausha nywele.”

“Kutoroka!” Bibi akaweka mikono kiunoni. “Wako, mama wa makala, si ulimurudisha? Nilimukuta hapa kwenye jiwe lake. Nikasema ona kiburi, amepewa amekataa. Kwani Jumapili sikukusalimia kwa nini?”

“Mimi nimurudishe? Nani anarudisha kitu cha likirimba?”

Mwanafunzi akainua kichwa.

“Mama, ngoja. Alirudi hapa? Mwenyewe?”

“Na wa saluni naye yuko pale chini, anakula nzi,” bibi akasema, akionyesha kwa kidole. “Tone la kiunoni. Si huyo?”

Alikuwa huyo. Mutoto akasimama. Akamutazama mujusi, akautazama urefu wa avenyu mpaka mwisho wake, halafu akamuuliza mama wa makala, kwa sauti ndogo, aeleze tena tangu mwanzo, na asiruke kitu. Kumuambia mama wa makala asiruke kitu! Tulitoka pale tumekosa chakula cha muchana.

Profesa akaja. Mwanaume mufupi, viatu safi, na kwa mawe yetu viatu safi havikai hivyo. Mutoto akamuambia palepale mulangoni:

“Profesa, nilikosea. Mijusi hawakusafiri. Walibebwa.”

Akakunja uso.

“Na nani?”

Mamas wakanyoosha mikono.

“Lakini wanarudi,” mutoto akasema haraka. “Wanabebwa kwenye beseni iliyofunikwa, hawaoni njia, na wanarudi kwenye ukuta wao. Si wote. Naomba muda mpaka mwisho wa mvua, niwabebe kwa mupango.”

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nilifikiri tumekwisha. Halafu akainama mbele ya ukuta wangu na viatu vyake vyote.

“Ni yupi alirudi?” akauliza.

Akapewa muda. Mamas wakabeba, sasa kwa amri ya mwanafunzi, huyu upande wa Munigi, huyu upande wa soko, na bibi akakaa kwenye kiti changu kuwapokea waliorudi. Wengine walirudi. Wengine hatukuwaona tena, na mumoja aliliwa na kuku wa mama wa saluni, jambo ambalo lilileta maneno.

Siku ya kutetea memwari, tulijaza benchi la nyuma, mamas na kitenge cha namna moja, mimi na kofia. Mwalimu mumoja akauliza mijusi walisafirishwa na kifaa gani. “Beseni, juu ya kichwa,” mutoto akajibu, na sala nzima, ukumbi wote ule, ikacheka. Mwingine, mukali, hakucheka. Akauliza: mujusi akishapotea pale alipopelekwa, mulijuaje pa kumutafuta?

Kabla mutoto hajafungua kinywa, sauti ikatoka nyuma.

“Kwenye likirimba, mutu akipokea na akitoroka, tunaenda kumungoja nyumbani kwake!”

“Huyo ni nani?” mwalimu akauliza.

“Ni musaidizi wa utafiti,” mutoto akasema. Mama wa makala hajatua cheo hicho mpaka leo. Hata makala anayapima kama musaidizi wa utafiti.

Alipewa diploma yake. Mijusi walibadilisha ngozi, verni ikatoka na ngozi, na sasa hakuna tena aliyeandikwa. Baba mudogo wake alikuja kutoka Bukavu kwa sherehe, mutu munene mwenye machozi ya karibu. Alinishika mukono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akanipa zawadi iliyofungwa vizuri kwenye karatasi. Nikaifungua nyumbani. Misumari. Ukuta wa mawe, bila simenti, misumari! Iko juu ya kabati. Bibi anasema tuipeleke kwenye likirimba.