Kilichopita Chini ya Chujio

Mwenzangu wa maabara hapa Thika alikuwa amepewa hadi Ijumaa. Seli zisipoamka, msimamizi wetu alimwambia, abadilishe mradi. Seli zenyewe zilikuwa zangu. Nilikubali kudungwa sindano baada ya kubishana naye mpaka akaahidi chapati madondo, yale maharagwe ya mchuzi, maana damu ya bure sitoi.

Seli T, askari wa kinga waliomo kwenye damu, nyingi husubiri kuonyeshwa kipande cha protini ndipo zishtuke. Hizi tulizozitaka, za gama-delta, protini haiziwashi. Huwashwa na kimolekuli kidogo chenye fosfeti, kinachotengenezwa na bakteria. Kikiingia ndani ya seli jirani, uso wa nje wa jirani hubadilika kidogo, nazo zinajua kuna mgeni.

Mwenzangu alipasua bakteria wa udongo aliouchota karibu na mto Chania, akapitisha maji yao kwenye chujio linalozuia protini. Akazilisha seli zangu. Zikalala. Akarudia. Zikalala tena, kama zimelipwa kulala.

Jumatano, saa ya chai, alikuwa anachuja chai akasimama ghafla, macho kwenye majani.

"Ngai! Kwani nimekuwa nikizipa majani?"

"Kina nani?"

"Seli zako! Nimeweka kilichobaki juu ya chujio, nikatupa kilichopita chini!"

Alikuwa ameshughulika na protini miaka mingi, na kwenye protini mali hubaki juu. Kichwa chake kilijua kimolekuli hiki ni kidogo, hupita chini. Mkono haukuambiwa.

"Na bakteria wameisha," akasema, sauti imeshuka. "Kukuza wengine ni wiki kadhaa. Nimekwisha, bana."

"Ile mirija ya maji ya chini, uliyofunika ukaweka kwenye beseni la taka," nikamwambia, "niliitoa. Iko friza."

Mimi nimelelewa nyuma ya kibanda cha mboga Githurai 45. Huko hata nyanya iliyopondeka hutafutiwa mteja kabla giza halijaingia.

"Iko friza gani?"

"Kwanza tuelewane. Chapati mbili."

"Hata tano! Wee, songa!"

Hajui kubishana hata kidogo. Ningeshukia moja na nusu.

Alhamisi tukagawa damu yangu mafungu matatu. Moja likapata kile cha juu. La pili likapata maji ya chini. La tatu likapata maji yale yale, lakini tumeyatia kimeng'enya kinachokata fosfeti.

Ijumaa asubuhi tukazipitisha seli kwenye mashine inayohesabu zilizoamka. La kwanza, usingizi. La tatu, usingizi. La pili likawaka kwenye skrini mpaka mwenzangu akapiga nduru, nami nikamshika mkono.

"Usishangilie. Hesabu tena."

Akahesabu tena. Likawaka vile vile. Hapo ndipo nami nikapiga nduru, kubwa kuliko yake. Damu yangu hiyo!

Msimamizi akachungulia mlangoni. "Mmeshachagua mradi mpya?"

"Ni ule ule," mwenzangu akasema, akamgeuzia skrini.

Mimi nilikuwa tayari nimevaa koti. Madondo huisha mapema.