Mkwe Aliyempisha Baba

Haya niliyaona kwa macho yangu. Baba naye aliyaona, na mama aliyaona kabla yetu. Naanza hivyo kwa sababu najua mtakavyonijibu. Mtasema nilikuwa na homa, au kwamba watoto wa wahubiri hulelewa kwenye hofu hadi wanaanza kuona vitu. Sikuwa na homa. Hofu ninayo, siikatai. Mimi ni mtu wa kurudi mara tatu kuhakikisha mlango umefungwa. Lakini haikuwa hata usiku. Ilikuwa saa tisa mchana, mwezi wa nne, huku Busale, wilayani Kyela, mvua inanyesha.

Baba yangu ni mwinjilisti. Tulitoka Singida miaka mitano iliyopita, sisi watatu, baada ya kanisa letu kumtuma aanzishe mtaa mpya wa waumini huku Kyela. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimefeli kidato cha nne, na kazi zangu zilikuwa mbili: kupiga kinanda, nilichojifunza mwenyewe kwa kusikiliza, na kuandika daftari la ziara. Kila nyumba tuliyoitembelea niliiandika: nani yupo, nani mgonjwa, nani wa kuombewa. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima. Na nikiri jambo moja mapema: miaka hiyo yote nilikuwa naomba kwa sauti nzuri mbele za watu bila kuamini kwamba kuna anayesikia.

Kazi haikwenda. Unawahubiria nini watu ambao ni Wakristo tangu enzi za mababu zao? Jirani yetu Mama Lugano, mjane mwenye mdomo, alimwambia baba siku ya kwanza kabisa, "Karibu, mtumishi. Ila babu yangu alibatizwa kabla babu yako hajavaa suruali. Wewe tusaidie kuvuna tu." Jioni akatuletea mkungu wa ndizi.

Walitupenda kwa namna yao. Walitupa nyumba ya mzee mmoja aliyefariki, Mzee Ambakisye, ambaye mwanawe alikuwa amehamia upande wa Malawi kwa biashara. Siku ya kukabidhiwa nyumba, yule mwana alirudi, akamvika baba koti la marehemu mbele ya ukoo mzima, koti zito la kijivu, na tangu siku hiyo wazee wakawa wanamwita baba Ambakisye. Baba alitokwa na machozi. Alidhani amepewa zawadi. Hakuuliza jina lile linakuja na nini. Na nani angeuliza? Umetoka mbali, umechoka, mtu anakuvika koti.

Mwaka wa pili akahubiri kuhusu wakwe. Huku, mke wa mwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hamtaji jina. Akimwona anakuja njiani huingia shambani na kujifunika uso mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha, wengine bado. Baba aliona ni utumwa. Aliwaita wanawake waje mbele washikane mikono na baba wakwe zao. Walikuja wawili, wakilia. Jumapili iliyofuata nusu ya mabenchi yalikuwa matupu.

"Umetuvua nguo, mtumishi," Mama Lugano alimwambia, na safari hii hakuwa anatania.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ni baada ya mahubiri yale ndipo nilipoanza kumwona yule mwanamke. Kitenge cha njano chenye picha za samaki, amejifunika nacho kichwa na uso. Kila nilipokuwa njiani na baba, yeye alikuwa mbele yetu kidogo, na tukikaribia aliingia kwenye mpunga na kutupa mgongo. Nikipita peke yangu hakuwepo. Baba alidhani ni mmoja wa waliokasirika. Mimi nikaandika kwenye daftari: mwanamke wa kitenge cha njano, anahitaji kutembelewa. Na siku moja, kwa ule ujinga wangu wa kutaka kila kitu kikamilike, nikapaza sauti, "Mama, usimkimbie mtumishi, njoo umsalimie tu." Akakimbia, na mpunga haukutikisika.

Nilikwenda kumuuliza Mama Lugano jina lake. Alikuwa anapepeta mchele. Nilipotaja kitenge, ungo ukasimama.

"Cha njano? Chenye samaki?"

"Ndiyo. Unamfahamu?"

"Umemwona wapi wewe?"

"Njia ya mashambani. Nilimwita aje amsalimie baba, akakimbia."

"Ukamwita. Mwanangu, huyo ni Bupe, mke wa mwana wa Mzee Ambakisye. Maji yalimchukua akitoka shambani, mwaka mmoja kabla ninyi hamjaja. Mimi ndiye niliyemwosha. Na kitenge hicho tulimzika nacho."

Nilimuuliza, kama mjinga, kwa nini basi amkimbie baba yangu.

"Baba yako hapa anaitwa nani?" akanijibu. Akaendelea kupepeta.

Sikumwambia baba. Ningemwambiaje? Nilichana ule ukurasa nikajipa kazi nyingine. Nilikuwa na mengine ya kuogopa, kwa sababu mwezi wa kwanza mama alijifungua mtoto wa kiume, mtoto tuliyemngoja miaka yote hiyo, akaishi siku mbili. Tulimzika nyuma ya nyumba. Baada ya hapo mama aliacha kuimba. Alipika, alifua, alikaa kanisani amefumba mdomo. Baba alizidi kuhubiri, na kadiri alivyohubiri ndivyo mama alivyozidi kuwa mbali. Nyumba nzima ilikuwa imechoka. Hata vikombe vilikuwa vimechoka, niaminini.

Siku hiyo ya mwezi wa nne tuliamka tukakuta begi lake halipo. Hakuacha ujumbe, lakini hatukuhitaji ujumbe. Alikuwa amesema mara nyingi kwamba anataka kwenda kwa ndugu zake Singida. Baba alisema tumwache apumzike, atafika Mbeya jioni. Kisha mvua ikashuka kama inavyoshuka huku, bila kupumua, na mchana Mama Lugano akaja amelowa chapachapa kutuambia kwamba mto umevuka kingo, kivuko cha magogo kimeondoka, na hakuna aliyemwona mama barabarani wala kituo cha mabasi.

Baba alichukua lile koti la kijivu, tukatoka mbio.

Kwenye njia panda, ambapo njia moja huelekea barabarani na nyingine huingia kwenye mashamba ya kakao, alikuwa amesimama yeye. Kitenge cha njano. Mara hii hakuwa anapita. Alikuwa anangoja. Alipomwona baba akateremka kwenye maji ya mpunga na kugeuka mgongo. Baba akaita, "Dada, umemwona mke wangu?" Yule mwanamke akasogea mbele zaidi. Baba akamfuata hatua mbili, naye akaenda mbali hatua mbili. Maji yalikuwa yamemfika magotini lakini hayakumzunguka. Yalipita kama vile hakuna mguu.

"Muda unakwenda," baba akasema. "Twende barabarani." Akaanza kushika njia ile.

Sijui niliwezaje kufungua kinywa. "Baba, toka njiani."

"Nini?"

"Ingia kwenye migomba ugeuke. Ana neno la kutuambia na hawezi kupita. Wewe ni mkwe wake."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa. "Mama yako yuko kwenye maji, nawe unaniambia nijifiche kwa ajili ya mila?"

"Walikuvika koti, baba. Walikuita jina. Wewe ndiye uliyekubali."

Alisimama. Nilimwona akimtazama yule mwanamke, akitazama miguu yake ndani ya maji, na nikaona uso wake ukizeeka. Kisha baba yangu, aliyewashikisha watu mikono kwa nguvu mbele ya kanisa zima, akaingia kwenye migomba, akaegemeza paji la uso kwenye shina la mgomba kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, akafumba macho.

Yule mwanamke akatoka majini. Alipita karibu nami kiasi cha kuweza kumgusa. Mvua ile yote, na kitenge kilikuwa kikavu. Nilimsalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile." Alishika njia ya kakao, siyo ya barabarani, nami nikamfuata, nikimwita baba aje nyuma kwa mbali na asiinue macho. Alikuja hivyo hivyo, akitazama miguu yake mwenyewe, akianguka na kuinuka.

Mama alikuwa juu ya kichanja cha kuanikia kakao, katikati ya maji, amekumbatia nguzo, mguu umevimba. Alikuwa ameona kivuko hakipitiki akajaribu kuzunguka kwa huku. Njia ya barabarani tungeifuata hadi usiku tusimwone. Nilipogeuka kumtafuta yule mwanamke hakukuwa na mtu. Baba aliingia majini hadi kifuani akambeba.

Jambo la kwanza alilosema mama lilikuwa hili: "Mbona mmekawia hivyo? Yule dada nilimtuma kitambo."

Baba akamweka vizuri mikononi.

"Alisema hawezi kufika nyumbani kwetu, mkwe wake yupo," mama akaendelea, meno yakimgongana. "Nikamwambia, basi wangoje njia panda. Alinikataza kushuka. Nikamuuliza kama anamwona mwanangu huko aliko. Akasema analala naye."

Baba alilia pale pale, na koti lake limejaa maji.

Mama hakwenda Singida. Ameanza kuimba tena, sauti ya pili tu, polepole. Jumapili ile baba hakuhubiri. Aliwaomba radhi wale wanawake wawili kwa majina, akakaa. Mimi ninaamini sasa, lakini msidhani ni imani tamu. Zamani niliomba nikijua hakuna anayesikia, nikalala vizuri. Siku hizi najua ninasikilizwa, na maneno yananipungukia. Njia ya kakao sijaipita tena.

Mwezi uliopita ilikuja barua ya kumhamisha baba. Tulikuwa tumeiomba kwa miaka. Amejibu kwamba anaomba abaki. Mama Lugano alipomuuliza sababu, alisema hajui akiondoka yule mtoto na yule mkwe watabaki na nani.

Kwa hiyo wewe unayekuja huku, kwa kazi ya Mungu au ya mpunga, sikia. Ukikuta mwanamke ameingia shambani akakupa mgongo, usimwite, usimfundishe uhuru. Geuka, apite. Na wakikuvika koti la marehemu, kabla hujatoa machozi ya shukrani, uliza kwanza ni nani bado analiheshimu koti hilo, na yuko wapi.