Mtutu wa Inchi Nane

Baba mkwe wangu alikuwa mlinzi wa hifadhi ya wanyama kule mashariki ya Kongo, na alibeba bunduki tangu ujana wake hadi vita vilipomtoa. Alipofika ukimbizini Louisville akawa mtu wa kochi. Mimi na binti yake tukienda kazini, yeye anabaki na rimoti na wajukuu wanaomjibu kwa Kiingereza. Nyumba yetu ya mtaa wa South End ilikuwa na joto, chakula kilikuwepo, lakini mzee alikuwa anaisha, na roho iliniuma kumwona.

Kwa hiyo mkubwa wangu wa ghalani, mzungu mmoja mwenye shamba nje ya mji, aliposema msimu wa kulungu ukifunguliwa nije na mzee tuwinde, nilishukuru utadhani nimepewa nyumba. Mzee naye alifufuka. Akatangaza kwamba Krismasi ile ya 2015, shemeji yangu akija na familia yake kutoka Columbus, nyama ya mezani itakuwa ya babu, si ya dukani. Alitaka wajukuu wale kitu kilichotoka mkononi mwake, basi.

Bunduki ndefu hakuitaka, bega lake lilikuwa limechoka kupigwa na kitako. Mkubwa wangu akasema kichakani kulungu huja karibu, bastola kubwa ya mzunguko inatosha, ile ya risasi nene. Kilichobaki ni kuchagua urefu wa mtutu.

Sasa niseme jambo ambalo nyumbani kila mtu alilijua na hakuna aliyelitamka: mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka. Mke wangu alimmiminia chai nusu kikombe, tukajifanya ndivyo anavyoipenda. Ningemwambiaje? Mimi mtu wa Kigoma, nimelelewa. Baba mkwe humzungumzii mwili wake, hata akipiga chafya unatazama pembeni. Mke wangu akasema, "Wewe ndiye unayempeleka dukani, utajua mwenyewe." Jamani! Mtoto wa kumzaa ananiachia mimi niliyekuja kuoa!

Dukani tulipokewa na kijana mwenye ndevu nyingi na adabu nzuri. Alitupangia bastola juu ya kitambaa: mtutu wa inchi nne, wa sita na wa nane. Akaeleza, nami nikatafsiri. Mfupi ni rahisi kubeba kiunoni, lakini una kelele na teke kali mkononi ukifyatua. Mrefu unatuliza teke, na kwa kuwa alama za kulengea zimeachana mbali, jicho hulenga kwa uhakika zaidi. Mzee alikagua kila moja kama ina risasi, ingawa kijana alikwisha kukagua mbele yetu. Nilijivunia, kusema kweli.

Mzee akaomba ruhusa, akainua ya inchi nne kuelekea kichwa cha kulungu kilichotundikwa ukutani. Ncha ya mtutu ikacheza. Kijana akanitazama, akaniuliza polepole kwa Kiingereza kama mikono ya mzee iko sawa.

"Anasema nini?" mzee akauliza.

"Anasema, Baba, huu mfupi una teke mno. Si wa mtu kama wewe."

"Bon. Tujaribu ya katikati."

Ya inchi sita ikacheza vilevile. Safari hii sikungoja kuulizwa. "Hii mizani yake mbovu, Baba. Mpini umekaa vibaya. Watu siku hizi wanalipua kazi tu." Kijana wa watu akatabasamu, hajui kwamba namharibia biashara.

Ya inchi nane ndiyo mzee aliyoitaka tangu tulipoingia, niliyaona macho yake. Aliishika kwa mikono yote miwili, akavuta pumzi. Mtutu mrefu hauna siri: mtikisiko mdogo wa kifundo cha mkono, kule mwisho ulikuwa unazunguka kichwa chote cha kulungu, sikio hadi sikio. Nikajiandaa kusema duka lenyewe bure kabisa, twende lingine.

"Na hii iko na shida gani, mukwe?" akaniwahi, bado analenga.

"Nzito, Baba."

Akaishusha taratibu juu ya kitambaa, mtutu ukielekea ukutani. Akacheka kidogo, kwa upole.

"Unanipenda sana," akasema. "Donc, unagombana na bunduki za watu juu yangu. Umuambie huyu kijana bunduki zake zote ni muzuri. Ni mikono yangu ndiyo imekwisha."

Nikamgeukia kijana. Nikamwambia bunduki zake zote ni nzuri, mzee anashukuru sana. Nikaanza kumtafutia mzee kofia yake.

"Hapana," mzee akasema. Kiingereza hakijui, lakini maneno yangu aliyaona ni machache. "Yote, mukwe. Umuambie yote."

Akanishika mkono ili nisiondoke. Basi nikasimama pale, mtu mzima mimi, machozi yakinilengalenga, nikamwambia mtu nisiyemjua kwamba mikono ya baba mkwe wangu imekwisha. Na muda wote niliokuwa nasema, mkono wake ulikuwa unatetemeka juu ya wangu, hadi bega langu likawa linatetemeka nao.